Mke wa Ndoa katika Sinema ya Watu Wazima ya Japani: Maswali na Majibu

Kwa nini mhusika aliye mke wa mtu hurudiwa sana katika filamu hizi?

Kampuni ya filamu ya Nikkatsu, iliyokuwa imenyang'anywa watazamaji na televisheni, ilianzisha mfululizo wa filamu za watu wazima ulioitwa Roman Porno mwezi Novemba 1971, na filamu ya kwanza ilimhusu mke anayeishi katika danchi, yaani majengo ya ghorofa yaliyoenea baada ya shirika la nyumba la taifa kuundwa mwaka 1955. Mume hushinda kazini hadi usiku, mke akabaki peke yake. Watengenezaji waliuchukua upweke huo wa kweli wakaufanya bidhaa. Uzito wa mwiko nao ulisaidia kuuza, kwani hadi mwaka 1947 sheria ya Japani ilimwadhibu mke aliyezini, ilhali mume aliyezini na mwanamke asiyeolewa hakuguswa.

Wapo wanaosema filamu hizo zilimkomboa mwanamke. Unakubali?

Nakubali kwa sehemu ndogo tu. Kumwonyesha mke kuwa mtu mwenye matamanio yake mwenyewe, wala si mama na mpishi pekee, lilikuwa jambo jipya. Hata hivyo, hadithi nyingi zilitungwa na wanaume kwa ajili ya wanaume, na zipo ambazo mke hulazimishwa, kisha huonyeshwa akiridhika, kana kwamba kukataa kwake hakukuwa na maana. Hilo ni uongo wenye madhara, na sioni sababu ya kulisitiri kwa jina la sanaa. Japani yenyewe, iliporekebisha sheria yake ya jinai mwaka 2023, iliandika bayana kwamba ndoa haimkingi mtu na kosa la ubakaji.

Je, mahakama iliwahi kuingilia?

Ndiyo. Watu wa Nikkatsu walishtakiwa kwa uchafu wa maadili baada ya msako wa polisi wa mwaka 1972, wakaachiwa huru mwaka 1978, na rufaa ya mwaka 1980 haikubadili uamuzi.

Waigizaji wa leo wanalindwaje?

Sheria ya Juni 2022 inataka mwezi mmoja upite kati ya mkataba na upigaji picha, na miezi minne baada ya upigaji picha kabla ya video kutolewa; hata baada ya kutolewa, mwigizaji anaweza kuvunja mkataba ndani ya mwaka mmoja bila kutoa sababu wala kudaiwa fidia.