Faini kwa daktari aliyekiuka maadili Kenya

Je, daktari aliyekiuka maadili anaweza kutozwa faini? Ndiyo, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya (KMPDC) linaweza kumtoza. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253, kinaliachia baraza lenyewe kupima kiasi. Humo humo kuna onyo la maandishi, kusimamishwa leseni hadi miezi 12, hata kufutwa kabisa kwenye rejista. Ila faini hiyo si fidia ya mgonjwa, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Kesi ya uzembe ya kudai fidia hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3, lakini kama hospitali ni ya serikali ni mwaka 1 tu. Tafadhali, msingoje uamuzi wa baraza ndipo mtafute wakili.