Mti wa maamuzi ya tiba: tafuta pale uamuzi unapogeuka

Mti wa maamuzi ni mchoro wenye tawi kwa kila chaguo na kila matokeo, pamoja na uwezekano wake. Ukishauchora na kupata jibu, kazi bado. Namba ulizojaza kwenye matawi mara nyingi zimetoka kwenye tafiti za wagonjwa wachache au makadirio ya wataalamu. Uchambuzi wa unyeti unauliza jambo moja: namba ikisogea, uamuzi unabaki palepale au unageuka?

Chukua mti mdogo wa kutibu au kutotibu. Matokeo yana thamani kuanzia 0 (kifo) hadi 1 (afya kamili). Mwenye ugonjwa akitibiwa ni 0.90, asipotibiwa 0.60. Asiye na ugonjwa akitibiwa ni 0.95 kwa sababu ya madhara ya dawa, asipotibiwa 1. Uwezekano wa ugonjwa ukiwa 0.20, kutibu kunatoa 0.94 na kutotibu 0.92. Kizingiti, yaani pale njia mbili zinapolingana, ni madhara (1 − 0.95) kugawanya kwa jumla ya madhara na faida ya tiba (0.90 − 0.60): 0.05 ÷ (0.05 + 0.30), takriban 0.14. Kwa kuwa 0.20 iko juu yake, tibu.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari ilipo. Madhara yakiwa 0.10 badala ya 0.05, kizingiti kinapanda hadi 0.25 na uamuzi unageuka, ingawa uwezekano wa ugonjwa haujaguswa. Kwa hiyo sogeza namba mbili kwa pamoja, hasa zile usizoziamini.

Usiandike namba moja kwa moja ndani ya matawi. Ukibadilisha 0.20 kuwa 0.30 na tawi la pili likabaki 0.80, jumla ni 1.10, na kompyuta haitakuonya. Kila namba ikae kwenye seli yake ya lahajedwali, na uwezekano wa ugonjwa ukiwa p, tawi la pili liwe 1 − p. Kama mti una kipimo cha maabara, uwezekano wa ugonjwa baada ya majibu lazima ukokotolewe kwa kanuni ya Bayes (inayochanganya uwezekano wa awali na majibu ya kipimo) ndani ya mti wenyewe. Ukiugandisha kama namba isiyobadilika, kubadilisha uwezekano wa awali hakutakuwa na maana yoyote. Kabla ya yote weka p = 0: kutotibu lazima kutoe 1 kamili. Kukitoa kingine, mti una kasoro.

Tafadhali usipandishe na kushusha kila kitu kwa asilimia 20. Tumia masafa ya uhakika ya asilimia 95 (confidence interval), yaani mpaka wa chini na wa juu wa makadirio, kutoka kwenye utafiti husika. Na kwenye ripoti andika kizingiti chenyewe, si “matokeo ni imara”, ili daktari mwenye wagonjwa wa aina nyingine aweze kulinganisha na wake.