Kimbunga kimepiga kwa jirani: tutume nini, tumpe nani?

Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia Machi 15, 2019. Wiki sita baadaye Kenneth kikaangukia Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji. Freddy kiliikumba Malawi ya kusini Machi 2023, na Chido kikaingia Mecúfi, huko huko Cabo Delgado, Desemba 2024. Kila kinapopita kimoja, tunapokea maswali ya wasomaji wanaotaka kuwasaidia majirani. Haya ni baadhi yake.

Habari za kazi. Kikundi chetu cha vikoba kina shilingi 1,800,000 za mfuko wa jamii na marobota mawili ya mitumba tuliyochangiwa. Tunataka vifike Malawi. Tukodi gari?
*Mwenyekiti wa kikundi, Mbagala*

Salama, mama mwenyekiti. Msikodi gari. Uzeni mitumba hapo hapo Mbagala, fedha mtakayopata iungeni na hiyo mliyo nayo, mtume fedha.

Robota moja lina kilo 45 hivi. Kufika Blantyre mzigo unapita Mbeya, unavuka Kasumulu, kisha unashuka karibu Malawi yote kwa urefu wake. Mpakani utaulizwa orodha ya vilivyomo, barua ya anayeupokea na kibali cha msamaha wa kodi kilichotolewa kabla gari halijafika. Kikikosekana kimoja, gari linalala hapo, dereva anadai posho na nguo zinapigwa na mvua. Hata zikifika, lazima apatikane mtu wa kuchambua za watoto na za wakubwa, nzima na mbovu, na mtu huyo ndiye ambaye siku hiyo angekuwa anagawa maji. Isitoshe, masoko ya Malawi yamejaa mitumba. Wenyewe wanaiita kaunjika. Muuza kaunjika naye nyumba yake imeanguka. Mkimwaga nguo za bure mtaani kwake, mnamfunga duka.

Fedha ipeni taasisi iliyokuwa na watu wake wilayani kabla upepo haujavuma. Malawi Red Cross Society ni mojawapo. Kwa huku nyumbani, nendeni ofisi ya Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, mwulize kama wanapokea michango ya maafa hayo. Lipeni kwenye akaunti yenye jina la chama, si ya mtu. Kwenye karatasi ya benki andikeni "walioathirika na kimbunga, Malawi", na msiondoke bila risiti. Msiandike "mablanketi tu". Leo upungufu ni wa blanketi, wiki ijayo ni wa dawa ya maji, na fedha iliyofungwa kwa kitu kimoja haiwezi kuhamia kwenye kingine.

Tunajua wanachama wengi hupenda kuona kitu kikiondoka. Basi mwulizeni mpokeaji, na akikubali, nunueni vitenge vipya. Huko Malawi kitenge ni chitenje, na kwa mwanamke aliyelala darasani na familia kumi nyingine kina kazi kuliko gauni lolote: anambebea mtoto, anajifunika usiku, anakitundika kwenye kamba ili ajisitiri anapobadili nguo. Wala hakina saizi.

Sisi ni chama cha msingi cha wakulima. Tuna magunia 60 ya mahindi, kila moja kilo 100. Yatawafaa watu wangapi, na tuyapeleke yakiwa punje au unga?
*Katibu wa chama, Songea*

Katibu, mchango wenu ni mkubwa, na hesabu yake ni hii. Mgao unaotumika sana na mashirika ya chakula ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, pamoja na gramu 60 za kunde na gramu 25 za mafuta. Kilo 6,000 zinatosha watu 500 kwa siku 30. Mkiweza kuongeza maharage, ni magunia 9 ya kilo 100 kwa watu hao hao.

Kabla ya kupakia, pimeni vitu viwili. Unyevu usizidi asilimia 13.5, mahindi mabichi yakifungiwa kwenye lori siku nne yanapata joto na kuota ukungu. Cha pili ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoxin): kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1. Kung'ata punje hakuoneshi sumukuvu. Inapimwa maabara, kwa sampuli iliyochotwa kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, kwa sababu sumu hukaa mafungu mafungu: gunia moja safi, la pili limeharibika. Pia mtahitaji cheti cha usafi wa mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Fungasheni upya kwa mifuko mipya ya kilo 50, maana ya kilo 100 haibebeki na mtu mmoja kwenye matope.

Kuhusu punje au unga, jibu linategemea mashine. Umeme ukikatika na dizeli ikiadimika, punje ni mzigo tu: familia inakaa na mahindi ndani na inalala njaa. Kwa wiki za mwanzo unga ni bora, na uwe sembe. Dona lina lishe zaidi, lakini kiini cha hindi kina mafuta, na unga wake huchachuka mapema. Kuanzia mwezi wa pili, mashine zikishafufuka, punje zinafaa na zinatunzika.

Msiende peke yenu. Mwaka 2019 serikali yetu ilipeleka chakula na dawa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Andikieni idara ya menejimenti ya maafa iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, mwulize kama kuna mzigo wa taifa unaoandaliwa. Kama haupo, yauzeni mahindi na kutuma fedha. Msumbiji na Malawi nako kuna mkulima wa wilaya isiyoguswa na maji anayetafuta mnunuzi.

Nina duka la dawa. Nimebakiwa na dawa za kuua bakteria zinazoisha muda baada ya miezi minne, na katoni tatu za maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Nitoe vyote?
*Muuza dawa, Morogoro*

Usitoe hata kimoja, tafadhali, ingawa umekusudia mema.

Shirika la Afya Duniani linataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja mbele yake inapoingia nchi inayopokea. Baada ya tetemeko la Armenia mwaka 1988, dunia ilituma tani 5,000 za dawa na vifaa tiba. Watu 50 walitumia miezi sita kuzichambua. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, jimbo la Aceh nchini Indonesia lilipelekewa takriban tani 4,000. Nyingi zilikuwa na maandishi ya lugha ambazo wahudumu hawakuzijua, na mamia ya tani yakaishia kuteketezwa kwa gharama ya wenyeji. Msumbiji wanasoma Kireno. Boksi lenye maelezo ya Kiingereza, mikononi mwa muuguzi aliyekesha siku tatu, ni hatari.

Maziwa ya kopo ndiyo yanayotuuma zaidi. Kuyakoroga kunataka maji salama, kuni na chupa iliyochemshwa, vitu vitatu ambavyo mafuriko yamevichukua. Baada ya tetemeko la Yogyakarta mwaka 2006, utafiti ulionesha watoto waliopewa maziwa ya msaada waliharisha takriban mara mbili ya wale wasiopewa. Mama anayenyonyesha akikabidhiwa kopo hupunguza kunyonyesha, na maziwa yake hupungua. Mpeni mama chakula, maji na mahali pa kukaa kwa faragha. Yupo mtoto asiye na mama, naye atapata maziwa kwa wahudumu wa lishe wanaomfuatilia mmoja mmoja.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, sina fedha ila nina kompyuta ndogo na bando. Kuna ninachoweza kufanya?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Kipo, na kinahitaji macho mazuri na subira tu. Vijiji vingi vya Msumbiji na Malawi havimo kwenye ramani ipasavyo, hivyo waokoaji hawajui bondeni kulikuwa na nyumba 40 au 400. Watu wa kujitolea huzichora kutoka picha za setilaiti kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Baada ya Idai kazi hiyo ilifanyika, na Dar es Salaam wanafunzi wa vyuo walishiriki katika mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaa inayojaa maji kama Tandale.

Fungua akaunti ya OpenStreetMap, kisha ingia Tasking Manager ya shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Chagua mradi wa wanaoanza na usome maelekezo yake yote. Utapewa kipande kimoja cha mraba, nacho hufungwa kwa jina lako ili mwingine asikirudie. Kuza picha hadi uone paa, zungusha pembe zake kwa kubofya, uweke alama ya jengo, kisha bonyeza herufi Q ili pembe zinyooke. Nyumba ya msonge bonyeza O, iwe duara. Hifadhi kila baada ya majengo 20 hivi, maana bando likikata unapoteza yote.

Makosa yanayorudiwa ni matatu. La kwanza ni kuchora kivuli pamoja na paa. La pili ni kuziunganisha nyumba tatu zilizobanana kuwa moja. Hapo familia mbili zimefutika kwenye hesabu ya maturubai. La tatu, na baya kuliko yote, ni kubadili picha ya setilaiti uliyoelekezwa: picha mbili hutofautiana kwa mita kadhaa, na kijiji kizima kinahamia mtoni. Ukishindwa kumaliza, eleza hivyo kwenye maoni na ukiachie kipande chako. Kipande kilichotangazwa kimekamilika huku nusu yake ni tupu humpotosha mtu aliye ndani ya mashua.

Dada yangu ameolewa Pemba ya Msumbiji. Simu haipatikani tangu kimbunga. Nifanyeje?
*Msomaji, Mtwara*

Pole sana. Tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga; ujumbe husubiri mtandao ukirudi. Kisha nenda Msalaba Mwekundu, uombe huduma ya kurejesha mawasiliano ya kifamilia. Haina malipo. Chukua majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, majina ya wazazi, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na tarehe mliyoongea mwisho. Usiweke picha ya kitambulisho chake kwenye makundi ya WhatsApp. Matapeli huchukua picha hizo, na kesho yake utapigiwa na mtu anayedai yuko naye hospitali, anaomba fedha ya matibabu.

Assalaam alaykum. Tulichangishana msikitini, lakini mwezi na nusu umepita. Tumechelewa?
*Msomaji, Tanga*

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Hamjachelewa. Wiki ya kwanza kamera zipo na fedha inamiminika. Zikishaondoka, mambo mawili huja kimya kimya.

La kwanza ni maji. Baada ya Idai, kipindupindu kilitangazwa Beira Machi 27, karibu wiki mbili tangu upepo upite, na malaria ikapanda kwa madimbwi yaliyobaki. Viwango vya Sphere vinavyofuatwa na mashirika ya misaada vinataka lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano ni lita 75, yaani kilo 75 za chupa za kusafirisha kila siku. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 hutibu ndoo ya lita 20 ya maji maangavu kwa dakika 30, hivyo mahitaji ya familia hiyo kwa siku ni vidonge vinne, vinavyoenea kwenye kiganja. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kwa sababu uchafu hula klorini kabla haijawafikia vijidudu.

La pili ni shamba. Idai ilikuta mazao yakisubiri kuvunwa, na mbegu ya msimu uliofuata ilikuwa ndani ya mahindi hayo hayo. Mvua za kupandia huanza Oktoba na Novemba. Ekari moja inataka mbegu kilo 10. Mwulizeni mpokeaji wenu sasa hivi kama ana mpango wa mbegu, na kama anao, gawanyeni mchango: sehemu iende leo kwa maji, nyingine ifike Septemba, kabla bei ya mbegu haijapanda.