Taa ya tangi la samaki lenye mimea: masaa mangapi yanatosha?

Nilianza na masaa 12. Hesabu yangu ilikuwa ya mtu wa Dar: jua letu linachomoza kama saa 12 asubuhi, linazama kama saa 12 jioni, mwaka mzima halitofautiani sana, basi na mimea ya ndani ya kioo ipewe siku kama hiyo. Tangi lenyewe ni la futi 3, lita kama 120, na nilikuwa nimelipanda kwa mapenzi: anubiasi zimefungwa kwa uzi kwenye gogo, valisineria nyuma, limnofila kwenye kona ya kulia. Wiki ya tatu kioo kikawa na utando wa kijani. Ya tano, jani la anubiasi lililokuwa pana kama kiganja cha mtoto likawa limeota nywele. Nililishika kwa vidole viwili nikalisugua kwa mswaki wa zamani. Nywele zilitoka, ila chini yake kulikuwa na madoadoa ya kijani yaliyogoma kabisa. Nikaongeza mbolea, nikidhani mimea ina njaa. Mwani, yaani huo utando na hizo nywele, ndio ulionenepa.

Limnofila ndiyo iliyonifumbua macho. Jioni moja, kwenye saa 11, nilikaa mbele ya tangi nikaona vilele vyake vyote vimejikunja, majani yamekutana juu kama vidole vilivyobana tonge. Asubuhi vilikuwa wazi kama mwavuli. Taa ilikuwa bado na saa nzima ya kuwaka. Nikaanza kufuatilia: siku hadi siku, ikishapata masaa 8 au 9 ya mwanga, inafunga. Imeshiba. Taa iliyobaki nilikuwa namwashia mwani.

Mimea hutumia mwanga, hewa ya ukaa na mbolea kwa pamoja. Kimoja kikipungua, vingine vikizidi havisaidii. Wengi wetu hatuna mtungi wa kuingizia hewa ya ukaa majini. Hewa ya ukaa ya tangi letu inatokana na pumzi za samaki, na uozo ulioko chini, na kidogo inayoingia kutoka juu ya maji. Usiku inajikusanya, asubuhi taa ikiwaka mimea inaifyonza. Ikishapungua, mmea unasimama hata ukiumulikia taa ya uwanja wa mpira. Mwani mahitaji yake ni madogo, unaendelea tu.

Halafu masaa 12 ya jua na masaa 12 ya taa si kitu kimoja. Jua la mtoni linaanza limelala, linapita kwenye matawi, linafunikwa na mawingu. Anubiasi, ambazo asili yake ni mito yenye vivuli ya Afrika Magharibi na Kati, hata hilo jua lenyewe hulipata kwa vipande vipande. Taa ya LED iliyo sentimita 20 juu ya maji inawaka kwa nguvu ile ile tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, namwambia: tangi jipya, masaa 6. Ndiyo, 6 tu, hata kama mimea ni mingi, kwa sababu mizizi bado haijashika na mimea haijaanza kula sawasawa. Kaa hapo mwezi wa kwanza. Utando wa kahawia ukitokea siku hizo usihangaike nao, ni kawaida ya tangi changa na mara nyingi huondoka wenyewe, ufute tu. Baadaye ongeza nusu saa, subiri wiki mbili, angalia. Matangi mengi yasiyo na mtungi yanatulia kati ya masaa 7 na 8. Yenye mtungi ni habari nyingine: gesi ifunguliwe saa moja au mbili kabla ya taa, na izimwe kabla taa haijazimika.

Nguvu ya taa nayo ihesabu humo humo. Kama taa yako ni kali na haina pa kuipunguzia, inyanyue juu zaidi kabla hujagusa masaa. Na dirisha pia ni taa. Tangi langu lilikuwa linapigwa na jua la asubuhi karibu masaa mawili, na mimi sikuwahi kulihesabu hadi nilipoweka pazia zito.

Ni saa ngapi taa iwake? Chagua muda ambao wewe uko nyumbani. Samaki na mimea hawajali kama siku yao inaanza saa 2 asubuhi au saa 10 jioni, wanachojali ni kwamba kesho iwe kama leo na giza la kweli lipatikane. Mimi nilichagua saa 10 jioni hadi saa 4 usiku. Wapo wanaogawa: masaa 3 au 4 asubuhi, mapumziko ya masaa 4 mchana, kisha tena jioni. Nimeujaribu mpango huo miezi kadhaa na ninaupenda, kwa kuwa hewa ya ukaa inapata nafasi ya kujikusanya tena, na wewe unaliona tangi lako kabla ya kwenda kazini. Ila usiutegemee kama dawa ya mwani. Ukigawa masaa 12 mara mbili bado ni masaa 12.

Sasa taima, kile kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapoumia. Ile ya kuzungusha ina vijipini 96 pembeni, kila kimoja dakika 15. Masaa 6 ni vijipini 24. Namba zake ni za saa za kizungu, kwa hiyo saa 10 jioni ni 16 na saa 4 usiku ni 22. Niliwahi kumwelekeza mdogo wangu kwa simu aweke izime saa 4 usiku, akabonyeza hadi namba 4, samaki wakakesha na taa mpaka alfajiri. Kubwa zaidi: umeme ukikatika, taima hiyo nayo inasimama. Wakati wa mgao yangu ilichelewa kidogo kidogo bila mimi kujua. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga, amelala sebuleni. Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hawa samaki wako hawalali? Saa 7 za usiku nimeamka, taa inawaka nje ndani."

Nikahesabu: ilikuwa imechelewa masaa 4. Mchana tangi linapata mwanga wa sebule, usiku wa manane linapata taa. Wiki hiyo hiyo nilinunua taima ya kidijitali yenye betri ndani, inayotunza saa hata umeme ukiondoka. Kama bajeti hairuhusu, fanya mazoea ya kuirekebisha kila umeme unaporudi.

Maji yakigeuka kijani kama supu ya mchicha, zima taa siku 3, funika tangi lote kwa kanga mbili nene, na pampu ya hewa isizimwe hata kidogo, maana gizani mimea inavuta oksijeni pamoja na samaki. Ukiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, hewa ni ndogo. Ukifunua, badilisha nusu ya maji na urudi kwenye masaa 6.

Bandika kipande cha karatasi ya gundi pembeni ya tangi uandike tarehe na masaa kila unapobadilisha, usitegemee kichwa. Na unapokagua, kagua majani mapya. La zamani lililokwisha kushikwa na mwani halitapona, likate. Jipya likitoka safi, la kijani, na nafasi kati ya jani na jani ikiwa fupi, masaa hayo yaache hapo hapo.