Usilizime Dirisha Linalokuuliza

Kompyuta zote sita za saiba yangu, hapa Umoja, Nairobi, nilikuwa nimezifungua kwa akaunti ya msimamizi, ile yenye ruhusa ya kubadilisha chochote kwenye kompyuta. Lile dirisha la Windows linalotia skrini giza na kuuliza kama unairuhusu programu ibadilishe kitu, nalo nikalizima. Lilikuwa linanichelewesha.

Mwisho wa Juni, foleni ya kujaza ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ikiwa imefika mlangoni, mteja alichomeka flashi achapishe barua. Akabofya kitu chenye picha ya faili ya Word, kumbe ni programu. Haikuulizwa na yeyote. Ilizima kingavirusi, ikajipanga iwe inaamka kila kompyuta inapowashwa, kisha ikangoja. Jioni mwanafunzi mmoja alifungua flashi yake akakuta folda za mradi wake wa chuo zimegeuka vishale vidogo vya njia ya mkato. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilikaa naye hadi saa nne usiku nikizifichua faili moja moja. Zilikuwepo, zimefichwa tu. Lakini tangu asubuhi ni flashi ngapi zilikuwa zimepita hapo? Hilo linaniuma hadi leo.

Programu ya kawaida haigusi diski, kibodi wala kamera yenyewe; huomba, na kiini cha mfumo, sehemu ya ndani kabisa ya Windows, ndicho kinachogusa. Ukiipa usimamizi, inaweza kupachika draiva yake, yaani programu ya kuendesha vifaa, ndani ya kiini hicho, na hapo kila unachoandika kwenye kibodi kinaweza kusomwa. Ndiyo maana Microsoft walileta dirisha hilo na Vista, mwaka 2007.

Kwa hiyo fungua akaunti mbili. Ya kawaida ndiyo ya kila siku, hata kama kompyuta ni yako peke yako. Ya msimamizi ipe nenosiri, na usiliandike ila kwa jambo ulilolianzisha mwenyewe. Juzi nikiweka draiva ya printa dirisha lilitokea. Nilisoma kwanza jina la mtengenezaji. Likisema mtengenezaji hajulikani, mimi hubonyeza hapana, hata mteja akinuna.

Na ukienda barabara ya Luthuli, mjini Nairobi, kununua laptopu iliyotumika, kabla hujatoa pesa iwashe upya uingie kwenye BIOS, ile mipangilio inayotangulia Windows. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, mrudishie: msimamizi wake ni mtu mwingine.