Kwa nini kila siku nzi na njegere?

SWALI: Mambo vipi mhariri, hivi wanasayansi wakitaka kujua tunarithi vipi mbona wanahangaika na nzi na njegere badala ya watu?

JIBU: Ishu ni muda na idadi. Binadamu huwezi kumpangia azae na nani (tushukuru kwa hilo), halafu watoto wenyewe wachache, sasa uwiano wa sifa zinazorithiwa utauona wapi? Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa mimea, alichukua njegere za mbegu laini akazichanganya na zenye mikunjo, kizazi cha kwanza zote zikatoka laini, akaziacha zijichavushe zenyewe na mikunjo ikarudi, akahesabu laini 5,474 na zenye mikunjo 1,850, yaani kama 3 kwa 1. Nzi wa matunda ndo kiboko, siku kama 10 tu una kizazi kipya, anafugwa kwenye chupa na ana jozi 4 tu za kromosomu (nyuzi ndani ya seli zinazobeba sifa za kurithi). Mwaka 1910 mwanasayansi Morgan kule New York alipata dume lenye macho meupe, akalizalisha na majike ya macho mekundu, wanawe wakatoka na macho mekundu ila kwa wajukuu macho meupe yakarudi kwa madume tu, ndo ikajulikana jeni (kipande cha kromosomu kinachobeba sifa) ya rangi hiyo ya macho iko kwenye kromosomu ya X, ambayo dume anayo moja tu na jike anazo mbili. Upofu wa rangi kwa wanaume, yaani kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, unapita njia hiyohiyo.