Pouzin na intaneti: Mfaransa huyu alifanya nini hasa?

Mkuu, umeuliza kwa nini Louis Pouzin anatajwa pamoja na Vint Cerf na Bob Kahn, Wamarekani waliobuni kanuni za mawasiliano za intaneti, ilhali ARPANET, mtandao wa kompyuta uliozaa intaneti, ilikuwa ya Wamarekani. Kweli ARPANET ilitangulia, 1969. Ila kule mtandao wenyewe ndio uliobeba jukumu la kufikisha data kwa mpangilio. Pouzin, alipojenga mtandao wa CYCLADES huko Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970, aligeuza kibao: kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ijiendee kivyake, na ikipotea au ikifika nje ya zamu, kompyuta za pande mbili zihangaike nayo. Katikati pakabaki pepesi, na hapo ndipo kuunganisha mitandao tofauti kulipowezekana bila vurugu. Cerf na Kahn wakalitumia wazo hilo. Makala yao ya 1974 inamshukuru kwa jina.

Na huko Ufaransa kwao Pouzin je? Shirika la posta na simu lilitaka mfumo wake, Transpac, na CYCLADES ikakatiwa fedha. Serikali bwana! Heshima ilikuja baadaye: 2013 aligawana Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi na kina Cerf, Kahn na Tim Berners-Lee, mbunifu wa Wavuti (www).

Ukitaka kuliona wazo lake likiwa karibu uchi, soma kuhusu UDP, kanuni ya intaneti inayotuma pakiti moja moja bila kuhakikisha kwamba zimefika.